Daftari la Baba Limeenda na Njugu

Leo nimejianika. Mchana kweupe, barazani, mbele ya karani wa ofisi, wauzaji wenzangu, mtoto wangu na baba yangu mzazi. Naandika haya nikiwa bado nimevaa aproni ya kazi. Someni mpaka mwisho, kwa sababu nina ombi, na si ombi la mzaha.

Kwa wale wasionijua, mimi naitwa Nafula, lakini mjini hapa wananiita Mama Brenda. Nauza njugu karanga Eldoret, kwenye baraza la duka la dawa za mifugo. Alfajiri nakaanga nyumbani, nabeba beseni mpaka mjini, mteja akisimama namfungia njugu kwa karatasi. Karatasi natoa kwa madaftari ya zamani ya wanafunzi, ambayo nanunua kwa kilo. Unafungua daftari katikati, pale pini zilipo. Unavuta karatasi, unaipasua vipande viwili, unakunja, unajaza. Nimefanya hivyo miaka kumi na moja. Mikono yangu haihitaji macho. Macho yana kazi yake, nayo ni kuangalia kama askari wa kaunti wanakuja kutufukuza sisi wachuuzi.

Sasa, Baba. Baba ni mwalimu mstaafu, anaishi kwetu upande wa Bungoma. Macho yake yanazimika. Alipoona gazeti linaanza kumshinda, alikaa chini akaandika maisha yake yote kwenye daftari la kurasa tisini na sita. Kila ukurasa akaupa namba juu, upande wa kulia, maana ndivyo alivyo. Pasaka alinipa mimi daftari hilo, hakumpa kaka yangu. Akasema, "Nafula, siwezi kujisomea tena nilichoandika. Wewe soma kwanza, peke yako. Halafu utanisomea, nijue kama nilisema nilichotaka kusema."

Nikamwambia, "Sawa, Baba. Likizo ya Agosti, shule zikifungwa, nitasoma lote."

(Ni mama gani hupata nafasi likizoni? Watoto wako nyumbani kutwa nzima, na kila ukigeuka mmoja anauliza kuna nini cha kula. Lakini niliahidi kwa sauti ya mtu mwenye mpango.)

Na mpango ulikuwepo! Kurasa tano kila siku baada ya chakula. Niliuandika kwenye karatasi nikaubandika kwenye mlango wa kabati. Wiki ya kwanza nikasoma ukurasa wa kwanza. Alizaliwa. Wiki ya pili nikasoma ukurasa wa mwisho, nione inaishaje. Anashukuru Mungu na chama cha walimu. Wiki ya tatu Brenda, binti yangu wa miaka kumi na tatu, aliubandua mpango wangu akaandika nyuma yake vitu anavyotaka shule ikifunguliwa. Sikumgombeza. Hakuna aliyekuwa akiutumia.

Juzi Baba akapiga simu. Anakuja Eldoret, ana miadi kliniki ya macho. Na mimi nilikuwa nimesoma kurasa mbili tu! Jana asubuhi nikapata wazo ambalo niliona ni la busara sana: nitaenda na daftari kazini, nisome wateja wakipungua. Nikalitia kwenye mfuko wa kazi.

Mfuko wangu wa kazi ni mmoja tu. Ndio huo huo wa karatasi za kufungia.

(Nyinyi mshajua. Mimi nilikuwa bado.)

Jana wateja hawakupungua. Kulikuwa na baridi ile ya Agosti, na watu wakisikia baridi wanataka kutafuna kitu. Nilifunga njugu kutoka asubuhi mpaka mvua ikanifukuza, nikivuta karatasi kwa daftari lolote lililotangulia mkononi. Nikarudi nyumbani, nikamkuta Baba amefika, amekaa kwenye kiti changu na kofia yake magotini. Daftari sikulikumbuka hata kidogo.

Leo asubuhi, tukinywa chai, akauliza.

"Nafula, umefika wapi?"

Ningesema ukweli tungekuwa tumemaliza. Lakini alikuwa ameinua uso kuelekea kwangu, akikosea kidogo, akiangalia sikio langu. Nikashindwa.

"Nimemaliza, Baba. Lote."

"Lote?"

"Lote kabisa."

Akatafuta kikombe kwa vidole, akakipata. "Na pale kwa yule askofu aliyeanguka mtoni, ulionaje?"

"Baba! Nilicheka sana," nikasema. Nikacheka na hapo hapo, kumwonyesha.

"Mm," akasema, akanywa chai yake.

Brenda akamshika mkono kumpeleka kliniki, maana mimi nilikuwa na beseni limejaa. Nikaenda zangu mjini nimefurahi. Nilijiambia leo hii nitasoma haraka haraka, kesho nimsomee, na uongo wangu utakuwa umegeuka ukweli kabla hajaujua.

Kufika saa nne nilikuwa nimeuza vizuri. Ndipo akashuka Kibet. Kibet ni karani kwenye ofisi za ghorofani, kijana mpole, tai yake daima imelegea. Alikuwa amenunua njugu nusu saa kabla. Sasa amerudi na ile karatasi, ameinyoosha kwa viganja.

"Mama Brenda, hii karatasi umetoa wapi?"

"Kwani ina nini? Ina wino umeingia kwa njugu?"

"Hapana. Iko na stori. Sikiza." Akasoma. "'Hedimasta akasema baiskeli ya shule ni ya mwalimu mwenye nidhamu. Nikamjibu kwamba nidhamu ninayo, ninachokosa ni baiskeli. Siku ya pili nilifika shuleni nimepanda ng'ombe wa kulima wa jirani yangu. Hedimasta alipotoka ofisini na kumwona ng'ombe yule amefungwa kwenye mlingoti wa bendera,'" akageuza karatasi huku na huku. "Inaishia hapo! Alifanya nini? Siwezi kufanya kazi, Mama Brenda. Naandika barua za watu nikifikiria hiyo ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Mama Shiro, jirani yangu anayeuza sweta za mitumba, akasogea naye akacheka. Nikamwambia Kibet hiyo lazima ni insha ya mwanafunzi, na kwamba ukurasa unaofuata nimeshauuza, kwa sababu mimi huvuta kutoka katikati kwenda nje. Aliyenunua kabla yake ndiye anao.

"Nani alinunua kabla yangu?"

"Yule wa boda boda pale kona, mwenye koti la kijani."

Kibet akaenda. Kweli akaenda! Akarudi na mtu wa boda boda, ambaye alikuwa bado na njugu zake mkononi. Zikamwagwa kwenye kofia, karatasi ikanyooshwa, ikasomwa. Ng'ombe alikula maua ya hedimasta, akala na nusu ya ratiba iliyobandikwa ukutani. Watu wakacheka. Waliokuwa wanapita wakasimama. Watu watatu wakanunua njugu kwa ajili ya karatasi tu, wakaniambia, "Nipe ya hiyo daftari, usinipe ingine."

Nikapasua. Nikakunja. Nikajaza. Nikaona nina akili ya biashara. (Mungu anisamehe, nilishaanza kuwaza nitapata wapi madaftari mengine ya hivyo.)

Mtu wa boda boda akasema mwandiko ni mgumu, herufi kubwa kubwa, mistari inapanda na kushuka. Na mimi, kwa mdomo huu huu ninaokulia ugali, nikasema kwa sauti ili wote wafurahi: "Huyo aliyeandika ama alikuwa amelewa, ama alikuwa anaandika akikimbia!"

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeangalia upande ule askari wa kaunti hutokea. Sikuangalia nyuma yangu.

Mama Shiro akakumbuka kitu. Akasema hata yeye jana alinunua, na karatasi yake ilikuwa na mwandiko huo huo wa kulewa. Aliiweka mfukoni aandike namba ya mteja. Akapekua mifuko ya aproni, akaipata. Hana miwani, akampa Kibet. Kibet akapanda kwenye ngazi ya duka ili wote tusikie, akakohoa kidogo, akasoma.

"'Ukurasa wa arobaini na moja. Mwaka ule mvua ilikataa na mahindi yakakauka yakiwa mafupi. Karo ilikuwa ya mtoto mmoja. Nilimtoa Nafula shuleni akiwa kidato cha pili, ili kaka yake amalize.'"

Mkono wangu ukabaki ndani ya beseni.

"'Nafula ndiye aliyekuwa anajua zaidi. Hilo nililijua. Nilikuwa mwalimu, na karatasi za mtihani za wote wawili nilikuwa nimeziona. Niliwaambia watu kwamba msichana mwenyewe hakutaka shule.'" Kibet akageuza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "'Akaanza kuuza njugu sokoni na mama yake. Siku moja mwalimu mwenzangu alileta njugu kwenye chumba cha walimu, akasema amenunua kwa binti mmoja mwenye adabu sana. Nilikula. Sikusema ni binti yangu. Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kumwambia kwamba'"

Akageuza karatasi, akaigeuza tena.

"Kwamba nini?" akauliza mtu wa boda boda.

"Imeishia hapo."

Mama Shiro akanigeukia polepole. Tumekaa naye baraza moja miaka sita, jina langu la nyumbani analijua. "Mama Brenda, Nafula si ni wewe?"

Nilikuwa nimechukua daftari lililokuwa kwenye mapaja yangu, nimelifunga ili nione jalada. Jina la Baba, kwa herufi zilizopigwa rula. Lilikuwa jembamba sana. Ndani nilikuta ukurasa wa kwanza mpaka wa ishirini, halafu sabini na saba mpaka mwisho. Zile za mbele zipo na zile za nyuma zipo. Katikati hakuna kitu, ni pini mbili tu.

Kisha nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kijana, rudia hapo pa njugu."

Baba. Amesimama pale, mkono mmoja kwenye bega la Brenda, macho yamefungwa kwa sababu ya dawa waliyomtia kliniki. Sikujua amesimama kwa muda gani. Brenda alikuwa akiniangalia, na kwa uso wake nikajua wamefika kabla ya ule mzaha wangu wa mlevi.

Kibet akarudia. Hakujua afanye nini kingine. Akasoma mpaka "nikitaka kumwambia kwamba," akashusha karatasi.

"Endelea," Baba akasema.

"Imeisha, Mzee. Hiyo ingine ilienda na njugu ya mtu."

Watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama Baba. Hata mwenye duka alikuwa ametoka.

"Nafula."

"Ndiyo, Baba."

"Asubuhi uliniambia umemaliza."

"Ndiyo, Baba."

"Na pale kwa askofu ulicheka sana."

"Ndiyo, Baba."

"Hakuna askofu." Akasema polepole, kama anamsomesha mtoto. "Nilifundisha miaka thelathini na tano. Swali hilo niliwauliza wanafunzi kila muhula. Wavivu wote walicheka sana."

Mtu wa boda boda akatoa kicheko kimoja, akakimeza. Mimi nilitamani beseni lingekuwa kubwa nijifunike. Nilikuwa nalia, sikujua nimeanza saa ngapi, na mikono ilikuwa na chumvi, kwa hivyo kila nilipofuta machozi nikaongeza mengine. (Msifute machozi kwa mkono wa njugu. Hilo nawashauri bila malipo.)

Nikamwambia ukweli, mbele ya wote, kwa sababu hapakuwa tena na cha kuficha. Nikasema, "Baba, si kazi iliyonizuia. Nilikuwa na hasira. Kila nilipolishika lile daftari nilijua kuna mahali litafika kidato cha pili, na niliogopa nitakuta umeandika vile ulivyowaambia watu. Kwamba sikutaka shule."

Baba akapapasa hewani, Brenda akamwelekeza kwenye kreti ya soda, akakaa. Akavua kofia.

Kibet, kijana wa watu, akachuchumaa karibu naye. "Mzee, kwani ni wewe ndio huyo Mwalimu? Wa ng'ombe?"

"Ni mimi."

"Aki Mzee, unaandika!"

Na hapo, nawaambia, na uchungu wote ule, Baba akanyoosha shingo. "Lugha uliionaje?"

"Kali sana."

"Ulisoma haraka mno pale kwa hedimasta. Pale kuna mkato. Rudia."

Ikarudiwa. Kibet akasoma, mtu wa boda boda akasoma yake kwa shida, wale watu watatu nao wakamwaga njugu mifukoni wakasoma zao. Baba alisikiliza kila karatasi akiwa ameinamisha kichwa, midomo ikitembea. Ndiyo mara ya kwanza anasikia kitabu chake. Mara mbili akasema, "Hapo sikusema vizuri." Mara moja akacheka mwenyewe, peke yake, kabla ya msomaji hajafika kwenye kichekesho. Nilisimama kando nikiwa na beseni. Wageni walikuwa wanamfanyia baba yangu kazi aliyonipa mimi tangu Pasaka, na walikuwa wanaifanya vizuri.

Kibet amepanda ofisini kwao na kurudi na karatasi nyingine mbili, moja kaitoa kwenye pipa la taka. Mama Shiro amezunguka kwa wauzaji wote wa barabara ile. Tumepata karatasi tisa kati ya ishirini na nane. Mpaka saa tisa, mvua ilipoanza, hiyo moja ninayoitaka haijaonekana.

Tulipofika nyumbani nikamtolea Baba viatu, nikampa chai, nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, nisamehe. Niambie tu kwa mdomo. Ulitaka kuniambia nini?"

Akaniwekea mkono kichwani, akakosea kidogo, ukaanguka kwenye shavu. Akauacha hapo.

"Nafula, kama ningeweza kuyasema, nisingeyaandika."

Kisha akasema nianze ukurasa wa pili, kwa sauti, na nisikimbie mikato. Nimeanza. Tumefika ukurasa wa kumi na nne, ana miaka tisa na amepoteza mbuzi wa shangazi yake. Brenda amekaa chini anapiga pasi zile karatasi tisa, zimejaa mafuta na chumvi. Baba amesema tupumzike kidogo, ndipo nikachukua simu.

Ombi langu ni hili. Karatasi ninayoitafuta ina namba 43 juu, upande wa kulia, na 44 kwa nyuma. Imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa, mistari inapanda na kushuka, na anayejua kuona ataona kwamba aliyeandika alikuwa ni mtu asiyeona vizuri. Ilitoka kwangu jana asubuhi mapema, kabla ya saa tatu, saa ambayo Mama Shiro alinunua yake, Eldoret mjini, baraza la duka la dawa za mifugo. Angalia mfuko wa koti. Angalia droo ya ofisi, angalia ndani ya gari, angalia chini ya kiti. Kama ulienda nayo Kesses au Ainabkoi, niambie uko wapi, nitaifuata mwenyewe. Waambie na wengine.

Kunicheka, nicheke tu. Lakini kama umeshaisoma, nakuomba usiniandikie hapa ilisema nini. Ilete. Hiyo nitasoma mwenyewe.